Dhahabu Ndani ya Ukuta wa Kanisa

Sifa na utukufu ni kwake Mungu, aliyeificha dhahabu ndani ya mawe na kuyapitisha maji juu yake, kisha akampa mwanadamu mikono ya kutenganisha kimoja na kingine. Yeye ndiye aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na macho ya kuona na ulimi wa kushukuru. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona, na mengine niliambiwa na watu ambao sikuwahi kuwasikia wakisema uongo. Nikikosea mahali, Yeye anajua, na anisamehe.

Mimi ni mkazi wa Kaloleni, Nairobi. Nyumba ninayoishi ni ile ile ya kanseli, yaani baraza la jiji, ambayo baba yangu alipewa alipokuwa mfanyakazi wa reli, nami nikairithi pamoja na kazi yenyewe, kwa maana nilifanya kazi katika karakana ya reli mpaka nikastaafu. Watoto wangu wamezaliwa hapa. Wanaijua Barabara ya Jogoo kuliko wanavyoijua njia ya kwenda kwa babu yao. Lakini mtu akiniuliza kwetu ni wapi, simwambii Kaloleni. Namwambia kwetu ni magharibi, upande wa Kakamega, kwenye kijito kinachoshuka kutoka kilima cha mawe. Na kama ana muda, namweleza habari za kijito hicho, kwa sababu najivunia.

Mama yangu alitusimulia kwamba zamani watu waliteka maji pale na ng'ombe wakanywa pale, na watoto waliona vitu vya njano vikimetameta mchangani wakaviacha, kwa kuwa haviliwi. Kisha wazungu wakaja na mahema. Walipiga vigingi kando ya kijito chote, kutoka bondeni mpaka juu kwenye miamba, na kigingi kimoja kikaingia katikati ya shamba la wimbi la babu yangu. Babu alikwenda kulalamika, akarudi na kazi ya kuchimba mtaro. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanaume wengi. Walichimba mitaro, wakavunja mawe, wakayabeba mpaka kwenye mashine iliyoyasaga yakawa kama unga, kisha unga ule ukaoshwa kwa maji ya kijito. Mashine ile ilinguruma tangu asubuhi mpaka jioni, na mama alisema siku iliponyamaza kwa sababu ya kuharibika, watu walitoka nje ya nyumba zao kuuliza nani amefariki.

Mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa ulitupwa upande mmoja wa kijito, lundo juu ya lundo, mpaka ukawa kilima kingine cheupe. Sisi tuliuita makapi, kama makapi ya mahindi. Haukuwa na faida kwa mzungu tena, naye hakuuzuia.

Dhahabu ilipopungua wazungu waliondoka. Mashimo yakajaa maji na vyura. Hapo ndipo wanawake walipoingia kijitoni na makarai yao, na mama yangu alikuwa miongoni mwao. Baba alikuwa Nairobi kwenye reli, na mshahara wa reli wa siku zile ulikuwa kama mvua ya Januari. Mama alisimama majini akiuzungusha mchanga kwenye karai, na kutoka kwenye karai lile ndiko zilikotoka kaptura zangu za shule, na Biblia yangu ya kwanza, na nauli iliyonileta mjini. Siku hizi vijana wanashuka chini kabisa kwa kamba wakiwa na tochi vichwani, na nawaombea kila siku, maana ardhi ile imechoka kuchimbwa.

Lakini jambo ninalojivunia kuliko yote ni kanisa.

Kanisa letu la kwanza lilijengwa wakati kampuni ya wazungu ingali pale, na nitaeleza lilivyojengwa ili yatakayofuata yaeleweke. Wanaume walisimamisha nguzo na kufunga fito. Kukandika ilikuwa kazi ya wanawake. Udongo wa kwetu ni mzito, ukikauka unapasuka, na ukuta uliokandikwa kwa udongo huo peke yake haumalizi mwaka. Wanawake wakagundua kwamba ukichanganya udongo na makapi ya mgodini, ukatia na kinyesi cha ng'ombe, ukuta unakuwa mgumu kama tofali. Basi kila jioni baada ya shamba walibeba makapi kwa makarai, wakapanda nayo mpaka kanisani. Kila mwanamke alipewa sehemu yake ya ukuta, na kila mmoja alimalizia sehemu yake kwa vidole, kwa alama zake mwenyewe. Mmoja alichora mistari kama matuta ya viazi, mwingine mawimbi. Mama yangu alipewa sehemu iliyo kushoto mwa mlango, naye alichora nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya samaki. Kila mwaka kabla ya Krismasi waliukandika tena juu juu na kuchora upya, kila mmoja mahali pake.

Dada yangu, mzaliwa wa kwanza wa mama, alikuwa msichana mdogo wakati ule na alibeba udongo pamoja nao. Mimi nilikuwa mgongoni. Kwa hiyo huwa nasema nami nilikuwepo kwenye ujenzi, ingawa mchango wangu ulikuwa kilio.

Dada sasa ni mzee na miguu yake haimtii. Anaishi nami hapa Kaloleni ili awe karibu na kliniki. Mwanawe wa kiume, yaani mpwa wangu, anakaa Kayole na anafanya kazi za mjengo, leo hapa kesho pale, na hakuna Jumapili inayopita asije kumsalimia mama yake. Wale wanawake wengine waliokandika kanisa wamekwenda wote kwa Bwana. Amebaki yeye.

Sisi watu wa kijito tulioko Nairobi tuna chama chetu. Hukutana Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, leo nyumbani kwa huyu na mwezi ujao kwa yule. Mwenyekiti wetu ni mzee mwenzangu anayeishi mtaa wa Mbotela, ambaye zamani alikuwa karani na sasa ana duka dogo la misumari na rangi. Tumeimba kwaya moja tangu ujana, yeye akiimba sauti ya besi na mimi ya tenori. Ni mtu mnyoofu. Naandika hivyo mapema ili msomaji asimhukumu vibaya.

Mwaka uliopita kanisa jipya la mawe lilikuwa linakaribia kukamilika kule nyumbani. Tulikuwa tumekubaliana kwamba siku ya kuliweka wakfu, majina ya wanawake waliokandika kanisa la kwanza yasomwe mbele ya watu wote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyasoma popote. Dada aliposikia hilo alishona gauni jipya, ingawa alijua hawezi kusafiri. Alisema atalivaa hapa hapa.

Kisha kule nyumbani wakaondoa mabati ya kanisa la zamani ili yatumike jikoni mwa kanisa jipya. Mvua ikanyesha juu ya ukuta usio na paa, na kipande kikaporomoka. Kijana mmoja wa mashimoni, kwa mazoea ya kazi yake, akachota ule udongo akauosha kwenye karai. Akaona dhahabu.

Habari zilitufikia kwa simu siku hiyo hiyo. Tulipokutana mwezi ule hapa kwangu kulikuwa na kicheko kingi. Mtu mmoja alisema sasa amejua kwa nini alikuwa akisinzia akiegemea ukuta ule, kumbe alikuwa anaegemea utajiri. Mwingine akasema kanisa la watu wengine linadai zaka, letu limejiwekea. Dada alicheka pia, pale alipokaa karibu na mlango.

Mwenyekiti hakucheka. Alingoja tunyamaze, akasimama.

Lazima nieleze kwamba baba yake alikuwa nyapara wa kampuni ile, msimamizi wa watu wetu pale mgodini. Siku za mwisho za kampuni, wazungu walidai kwamba kuna dhahabu iliyopotea. Hawakumpata mwizi, lakini walimfukuza nyapara. Alirudi nyumbani na blanketi lake mkononi, na tangu siku hiyo mpaka kufa hakutamka neno lolote kuhusu mgodi. Wanawe walikua wakisikia minong'ono nyuma yao. Mwenyekiti alikuja Nairobi akiwa kijana ili asiisikie tena.

Sasa alisema polepole, bila kumtazama mtu, "Leo nimejua dhahabu iliyomfukuzisha baba yangu ilikwenda wapi. Ilikandikwa ukutani."

Dada yangu akasema kutoka kule mlangoni, "Mama yangu hakuiba."

"Sijamtaja mtu, dada."

"Umetutaja. Waliokandika nawajua wote, na mmoja wao ni mimi."

Mkutano ukavunjika kabla ya chai. Neno lile halikubaki Kaloleni. Ndani ya wiki lilikuwa limefika nyumbani, na huko vijana wakaanza kulitania kanisa la zamani wakiliita stoo ya wezi. Wazee wa kanisa, kwa kuogopa ugomvi siku takatifu, wakatuma ujumbe kwamba majina ya wanawake hayatasomwa mpaka jambo litulie. Mimi najua jambo la namna hiyo huwa halitulii. Hungoja tu wenye kulijua wafe.

Dada alilikunja gauni lake akalirudisha sandukuni. Nilimwambia Mungu anajua ukweli, na hilo latosha. Nilimwambia hivyo kwa nia njema, kama mzee wa kanisa anavyopaswa kusema.

"Mungu anajua tangu mwanzo," alinijibu. "Yeye sina neno naye. Nataka watu wajue."

Ni yeye mwenyewe aliyetoa shauri la kuosha. Kila mtu aliyekulia kwenye kijito kile anajua kwamba makapi hayaishi dhahabu kabisa. Daima hubaki unga, vumbi jembamba sana lililoishinda mashine kulinasa. Lakini ni unga tu unaobaki. Chembe, zile za ukubwa wa mtama au nusu yake, hazifiki kwenye makapi, hunaswa mapema. Na mtu aliyeiba kwa mzungu angeiba chembe. Hakuna anayehatarisha shingo yake kwa ajili ya vumbi. Basi ukuta wenyewe ungesema. Ukioshwa ukatoa unga, wanawake walibeba kile kilichotupwa. Ukitoa chembe, mwenyekiti amesema kweli.

Nilikwenda Mbotela kumpelekea mwenyekiti shauri hilo. Alinikaribisha dukani, akanipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Akakubali. Alisema ukiwa unga atasimama mbele ya watu na kuomba radhi.

"Na ikiwa chembe?" mpwa wangu alimuuliza mama yake jioni hiyo.

"Ikiwa chembe," dada akasema, "majina yasisomwe. La mama yangu ndilo la kwanza kufutwa."

Nilimwangalia nikaona kwamba hajui jibu. Alijua mama alivyokuwa, lakini alikuwa mtoto wakati ule, na mtoto haonyeshwi kila kitu. Alikuwa anaweka jina la mama yetu juu ya karai la matope.

Kwa kuwa miguu yake haikumruhusu kwenda kwa ukuta, ikabidi ukuta uje kwake. Mpwa wangu alisafiri nyumbani kwa mazishi ya jirani, na wazee wa kanisa wakamkatia kipande kutoka kushoto mwa mlango, sehemu ya mama, wakakitia guniani na kulifunga wenyewe kwa kamba ya katani ili asije mtu kusema limefunguliwa njiani. Alitusimulia kwamba utingo wa basi alilipiga teke gunia lile, akauliza ni mzigo gani mzito hivyo.

"Nikamwambia ni kanisa," alisema. "Akanitoza bei ya kanisa."

Tuliosha Jumamosi alasiri, hapa uani, karibu na mfereji. Mpwa wangu alijaza beseni kubwa maji. Dada alikaa kwenye kigoda, karai mapajani. Mwenyekiti alifika na watu wengine wa chama, akalikagua fundo la kamba, akalifungua kwa mikono yake mwenyewe. Majirani wakaanza kusogea, maana Kaloleni huwezi hata kuanika shuka bila mtu kukuuliza ni ya nani. Vijana waliokuwa wamekaa kwenye ukuta wa nje nao wakaja.

"Niaje mzee," mmoja aliniambia, "leo ni chapo ama ni mandazi?"

Nikamwambia ni dhahabu.

"Gold? Hapa Kalo?" Akawageukia wenzake, akimwita dada shosh kama bibi yake. "Shosh anaosha gold, manze. Shosh, ukipata usitusahau, tuachie hata ya fare."

"Kaa hapo unishikie maji," dada akamwambia, na yule kijana, licha ya urefu wake, akachuchumaa akashika jagi, mtiifu kabisa.

Karai la kwanza lilikuwa la udongo uliokuwa juu ndani ya gunia. Dada aliuvunja kwa vidole ndani ya maji, akauzungusha, akamwaga tope, akaongeza maji, akazungusha tena. Nilikuwa sijamwona akifanya kazi ile kwa miaka mingi sana. Mgongo wake ulinyooka. Mikono ambayo asubuhi ilishindwa kufungua chupa ya dawa sasa ililizungusha karai kama ungo. Mwishoni hapakubaki kitu ila mchanga mweusi. Hapakuwa na unga wala chembe.

Watu wakatazamana. Mwenyekiti akasema hakuna kitu hapo. Dada akasema bila wasiwasi kwamba huo ni udongo wa juzi, wa zile Krismasi za karibuni, wakati lundo la makapi lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na watu wakakandika kwa udongo wa kichuguu. Tunaoutaka uko ndani.

Mpwa wangu akaingiza mkono guniani. Udongo mwingi ulikuwa umevunjikavunjika njiani, wa juu ukachanganyika na wa chini, na mtu angeweza kubishana juu yake mpaka kesho. Donge moja tu lilikuwa zima, kubwa kama mkate, limejishika kwa sababu ufito bado ulikuwa ndani yake. Akaligonga ukingoni mwa beseni ili lipasuke. Halikupasuka ovyo. Liliachana pale tabaka jipya lilipokutana na la kale, kama ganda linavyoachana na yai lililochemshwa, na upande wa ndani ukabaki mkononi mwake.

Ulikuwa na alama za vidole. Nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya samaki.

Hata wale vijana walisogea kutazama, ingawa hawakujua wanachokiona. Dada alinyoosha mikono akapewa lile donge, akaliweka mapajani juu ya leso yake. Alipitisha vidole katika zile alama, moja baada ya nyingine. Kisha vidole vyake vikasita pembeni, chini kabisa, ambako nusu duara zilikuwa ndogo na zimepinda.

"Hapa ni mimi," alisema. "Mama alinipa kona ya chini nijifunze."

Mpwa wangu akapiga magoti kando yake. Akamwomba wasilioshe donge lile. Akasema atarudi nyumbani wiki ijayo akalete jingine, hata mara mbili, hata mara tatu. Nami nilitaka kusema vivyo hivyo, ila nilitanguliwa. Aliyesema alikuwa mwenyekiti. Alivua kofia yake.

"Dada, yatosha. Liweke. Mimi naliacha neno langu. Majina na yasomwe."

Aliyasema kwa moyo wake wote, na naamini angetimiza. Ningekuwa mimi, ningekubali. Ningeenda ndani na donge lile nikaliweka kabatini karibu na picha za watoto, na kila mgeni ningemwonyesha.

Dada alitikisa kichwa.

"Ukiniachia kwa huruma, mdogo wangu, neno lako utalala nalo, na mimi nitabaki na udongo. Mama hakukandika ukuta ule ili vidole vyake vitazamwe. Wewe mwenye jagi, leta maji."

Akaliingiza donge karaini mwenyewe. Nusu duara zilishikilia kidogo chini ya maji, tukaziona zikiwa zimelowa na kuwa nyeusi, kisha zikalainika, zikaenda. Akazikanda kwa viganja vyote viwili. Nilimsikia akiimba kwa sauti ya chini, wimbo usio na maneno ambao wanawake wa kijitoni walikuwa wakiutumia kushika mwendo wa karai.

Tope likamwagwa, maji yakaongezwa. Tope tena, maji tena. Mchanga ukapungua, ukawa mweusi, ukawa kijiko kimoja. Dada akaliinamisha karai, akaupitisha mchanga ule ukingoni kwa maji kidogo, polepole, akiugonga kwa kidole. Nyuma ya ule weusi ukabaki mstari wa njano, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Alimpa mwenyekiti karai.

Mwenyekiti alivaa miwani. Akalowesha kidole, akakigusa kile kistari, akakisugua kati ya kidole na gumba. Akausambaza mchanga mweusi wote, akaupekua mpaka chini, maana alikuwa mtoto wa kijito kama sisi na alijua chembe hujificha wapi. Alichukua muda wake, nasi hatukumharakisha. Mwisho akainua kidole juu ili sote tukione. Kiling'aa tu, kama kidole cha mtu aliyeshika bawa la kipepeo.

"Ni unga," alisema. "Ni unga mtupu."

Mpwa wangu alimkumbatia mama yake, na wale wa chama wakaanza kuimba pambio. Lakini mimi nilikuwa namtazama rafiki yangu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wangu, karai bado mkononi. Kwa majuma kadhaa alikuwa amepata mahali pa kuiweka aibu ya baba yake, na sasa amerudishiwa yote. Dada naye aliliona hilo. Akamwashiria kijana wa jagi amsaidie kusogeza kigoda, akakaa karibu naye.

"Baba yako ndiye aliyetupitisha," alimwambia.

Mwenyekiti hakuelewa, basi dada akamweleza, tukasikiliza sote. Ilikuwa hivi. Nyapara yule alikuwa akisimama kwenye lundo la makapi kila jioni wanawake walipokuja kuchota. Kabla mwanamke hajajitwika, nyapara alimwambia aweke karai chini, naye akaingiza mkono wake na kuupekua mchanga wote mpaka chini, kama vile mwenyekiti alivyofanya sasa hivi. Hata la dada, lililokuwa dogo kama sahani, alilipekua. Wanawake walikasirika mwanzoni, wakadhani anawadharau. Mama akamuuliza kwa nini.

"Alisema hivi," dada akaendelea. "'Mama, niache nitie mkono. Kesho mtu akikwambia neno, umwambie nyapara alitazama.' Hakuna karai lililoingia kanisani ambalo halikupita kwenye vidole vya baba yako. Sasa ukisema tuliiba, mdogo wangu, umesema yeye alituona akanyamaza."

"Hakuniambia," mwenyekiti alisema. "Maisha yake yote, hakuniambia."

"Hakuwa mtu wa kujieleza. Kwetu tulimjua. Nami sikulisema mapema, maana kabla ya kuosha ungedhani namtumia marehemu kujitetea."

Alilia, mzee mwenye besi ya kutikisa madirisha, na hakuna aliyeona haya kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nikifikiri jinsi mwizi wa kweli, kama alikuwepo, alivyokwenda zake bila kujulikana, na jinsi mwana kwa kumtetea baba yake alivyokuwa amemshtaki bila kujua. Ni Mungu tu awezaye kutuepusha na makosa ya upendo.

Kijana wa jagi ndiye aliyetukumbusha kwamba kulikuwa na dhahabu. "Shosh, na hiyo mnaifanyia nini?"

Dada aliliinamisha karai juu ya gunia, akaurudisha ule uzi wa njano pamoja na mchanga wake mweusi. Kisha akataka na tope la beseni lichujwe na kurudishwa pia. "Ni vya kanisa," alisema.

"Dah. Shosh ametupa gold," yule kijana aliwaambia wenzake wakiondoka, na kwa mwezi mzima nilisikia habari hiyo ikisimuliwa mtaani, kila mara dhahabu ikiwa imeongezeka.

Siku ya kuweka wakfu, mwenyekiti alisafiri na gunia lile begani mwake. Mpwa wangu alitaka kumbebea mpaka kituoni, akakataa. Kule nyumbani, udongo wa kanisa la zamani wote ulikuwa umemwagwa chini ya sakafu ya kanisa jipya kabla ya saruji, isipokuwa mahali padogo kushoto mwa mlango palipoachwa pakingoja. Yeye mwenyewe alimwaga.

Mimi na dada tulibaki Kaloleni. Alivaa gauni lake tangu asubuhi. Simu iliwekwa mezani, sauti ikiwa juu, na mpwa wangu akakaa karibu kuhakikisha haikatiki. Tulisikia nyimbo, tukasikia mahubiri yakipotea na kurudi, kisha tukaisikia besi ya rafiki yangu. Aliomba radhi kwanza, waziwazi, kama alivyoahidi. Halafu akawasoma wanawake wote kwa majina yao kamili, na sehemu ya ukuta ya kila mmoja: huyu nyuma ya madhabahu, huyu chini ya dirisha la mashariki. Baada yao, kwa ombi la dada, akalisoma jina la nyapara aliyetazama makarai. Nilisikia sauti yake ikikwama, ikapita.

Jina la mama yetu lilipotajwa, kushoto mwa mlango, dada alikuwa ameshika mikono yangu. Hakulia. Alikaa wima na gauni lake jipya kama mtu aliyeko kwenye kiti cha mbele, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeitika akiwa chumba cha pili, "Ndiyo, nimemsikia."

Nami nakuombea wewe uliyesoma mpaka hapa. Kazi ya mikono ya wazazi wako isipotee mbele za Mungu hata ikisahauliwa na watu. Unaposhtakiwa bure, upewe moyo wa kulitia jambo lako majini bila kuogopa, na rafiki atakayelipekua kwa haki. Mungu akubariki, wewe na nyumba yako, uingiapo na utokapo. Amina.